Madaftari ya watumwa walioachiwa huru Zanzibar: yawekwe kwenye intaneti au yabaki Kilimani?

Mleta mada
Asalaam alaykum wanabaraza. Wiki mbili nimeshinda Nyaraka za Taifa, Kilimani, namtafuta babu mzaa babu, Feruzi. Nyumbani tuliambiwa "alitoka bara", basi. Ukiuliza bara ipi unatumwa kuchota maji.

Kwa wasiojua: amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya 6 Aprili 1897 haikumwachia mtu yeyote huru siku ile. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana akalipwa fidia. Ndiyo, bwana! Aliyepalilia mikarafuu hakupata kitu. Ila kwa sababu serikali haitoi pesa bila karatasi, maandishi yakabaki: jina, umri wa kukisia, kabila, makazi, na jina la bwana.

Nasema yapigwe picha yote, yawekwe wazi, bure. Mnaonaje?

Mtu wa Chake
Napinga. Ukurasa wenye babu yako una babu wa jirani yangu pia, naye hajakutuma. Huku posa bado inavunjika kwa neno moja la pembeni. Wazee walinyamaza makusudi, ilikuwa sitara. Kila mtu apewe wake tu, karani amtolee.

Mleta mada
Karani atamjuaje wangu? Kina Feruzi wako wangapi mle? Mabruki, Faraji, Uledi, Baraka, jina moja moja, baba hakuandikwa. Wangu nimemtambua kwa jina la bwana na shamba. Bila kuwasoma wote nisingempata mmoja.

Karani mstaafu
Nimekaa masjala (si ya huko) hadi nikastaafu, kwa hiyo niruhusuni niwaudhi nyote wawili. Picha tupu zitawapoteza watu. Makarani wa enzi zile waliandika walivyosikia, Feruzi huyohuyo unaweza kumkuta kwa tahajia tatu. Na "Mnyasa" msiishike kama kabila. Mtu akishapitia njia ya misafara ya watumwa ya Kilwa aliitwa Mnyasa, hata kama kwao si Ziwa Nyasa. Mjukuu atasoma neno hilo simuni, ataanza kujitafutia ukoo Malawi. Kwanza itengenezwe faharasa yenye maelezo, picha zifuate.

Halafu kuna ambao hamtawaona mle kabisa: waliobaki shambani bila kwenda mahakamani, na waliokimbilia misheni. Hao watafuteni kwenye vitabu vya ubatizo, Bagamoyo tangu 1868, Frere Town ya Mombasa tangu 1875.

Bint Mkunazini
Na masuria, wale watumwa wanawake waliowekwa kinyumba na mabwana zao, mmewasahau? Amri ya 1897 iliwaacha nje, wakangoja hadi 1909. Tuseme kweli, wanaoogopa zaidi madaftari haya si wajukuu wa wakulima. Ni nyumba kubwa ambazo bibi yao alinunuliwa. Wakati Sultani Sayyid Barghash mwenyewe mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, na kwa sheria ya dini mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake ni huru na anarithi kama nduguze. Aibu hii tunamfichia nani? Mficha uchi hazai.

Mtu wa Chake
Dada yangu, Barghash alikuwa na kasri la kumsitiri. Binti wa mvuvi anayengoja kuposwa hana. Lakini la karani limeniingia. Basi yawekwe wazi majina ya mabwana na mashamba, mtu ajue aanzie wapi. Majina ya watumwa asomewe palepale Kilimani.

Bint Mkunazini
Yaani aliyeuzwa ndiye afichwe tena? 😅

Mtu wa Chake
Sijasema hivyo.

Mleta mada
Ndivyo itakavyokuwa lakini, kaka. Na mjukuu aliyeko Muscat au Mombasa atapanda ndege kuja kusoma mstari mmoja. Faharasa nakubali, hata ichukue miaka. Kufunga majina, hapana.

Jana nilimpigia shangazi nikamsomea: Feruzi, umri kama 30, Mnyasa. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Na mkewe je, wamemwandika?"

Kesho narudi Kilimani.