Tupeane uzoefu: watoto wasioona mbali

Habari zenu wakuu. Binti yangu wa darasa la tatu amepimwa, kumbe haoni mbali. Mwenyewe hakuwahi kulalamika, na kitabu anasoma vizuri tu. Mliopitia hili, wenyewe au kwa watoto wenu, mlijuaje?

Kipepeo: Mimi utotoni niliitwa mwenye maringo. Napishana na watu wazima siwaamkii, kumbe sura siioni mpaka mtu anifikie. Watu niliwajua kwa mwendo na sauti. Darasani niliokolewa na walimu wanaotamka huku wanaandika. Wa hesabu aliandika kimya, basi hesabu zikawa zinanipita. Siku nilipowekewa lenzi za majaribio nikasoma herufi za chini kabisa, nilikasirika. Ina maana wenzangu wote walikuwa wanaona hivi?

Mwalimu: Mtoto anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni, au anayekunja macho, msikimbilie kumwita mvivu. Kumsogeza dawati la mbele kunasaidia siku hiyo tu. Akapimwe.

Nuru: Nafanya kazi kliniki ya macho. Mara nyingi jicho limerefuka kupita kiasi, mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), ndiyo maana cha mbali kina ukungu. Kwa wengi huanza umri wa shule na huongezeka kadiri wanavyokua, kwa hiyo mrudisheni kila mwaka. Msishangae akitiwa matone ya kulegeza macho: watoto hukaza macho wakipimwa, namba ya miwani (yaani nguvu ya lenzi, kwa wasioona mbali huandikwa na alama ya kutoa) ikatoka kubwa kuliko ilivyo. Na jamani, miwani sahihi haiharibu macho! Hili linaniumiza, maana kuna watoto wananyimwa kwa hofu hiyo. Kucheza nje mchana, kama saa 2 kwa siku, husaidia kuchelewesha tatizo kuanza. Namba ikivuka -6, hatari ya retina kubanduka ukubwani huwa kubwa zaidi.

Baba Mapacha: Wangu mmoja anavaa, pacha wake yuko sawa. Alikuwa anaificha miwani kwenye begi. Tulipomwacha achague fremu mwenyewe, haivui mpaka kulala. Nuru, mdogo wao ana miaka 4, herufi hajui. Anapimika?

Nuru: Anapimika vizuri. Zipo chati za picha, na mpimaji anaweza kulimulika jicho kwa kifaa akapata namba bila mtoto kusema neno. Mpeleke, hasa kama wewe au mama yake mnavaa miwani ya mbali.

Baba Mapacha: Tunavaa wote wawili. Nampeleka wiki hii.