Eti baba wa Tracy kwenye The Philadelphia Story "kasema kweli"! Nimechoka na huyu mtu

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule mtaalamu wetu wa sinema za kale, nyote mnamjua, kaniambia mbele ya watu kwamba baba wa Tracy "kasema kweli". KWELI IPI?

Nazungumzia ile filamu ya 1940 mnayoisujudia, Tracy akiwa bibi harusi mtarajiwa. Baba yake ana hawara mcheza dansi New York, mji mzima unajua. Anarudi nyumbani bila haya wakati binti anajiandaa kuolewa, anamkalisha na kumwambia kwamba mwanamume angekuwa na binti wa kumpenda bila maswali, asingehangaika na visichana huko nje. Mkewe yupo hapohapo, anasikiliza! Yaani uzinzi wa baba, kesi ya mtoto!

Na filamu ilishafunguliwa kwa Cary Grant kumsukuma Katharine Hepburn, ndiye Tracy, usoni hadi chini, ndiye huyohuyo anayemwoa mwishoni. Hilo nililimeza. Lakini yule baba! Hakuna hata mmoja wa kumwambia mzee nyamaza, na binti ndiye anayebadilika. Nikisema hivi naambiwa sijui sinema. Baba kama yule angefukuzwa kwenye kikao cha ukoo kabla chai haijamiminwa!

Kisu_Butu: Mkuu, wahusika wote marehemu, unamgombeza nani? Kunywa maji.

MamaTano: Namuunga mkono. Baba yule alinikera hadi nikazima.

Mzaramo_Halisi: Mnasahau Hepburn mwenyewe alikuwa na haki za ile tamthilia iliyozaa filamu hii. 1938 wenye majumba ya sinema walimwita sumu ya mauzo. Alijua watazamaji wanataka kumwona akishushwa, akawapa, akarudi kileleni.

Mleta uzi: Kwa hiyo ili asamehewe ilibidi atukanwe na baba yake? Ndiyo mnazidi kunichoma!

Kisu_Butu: Huyu kagombana na mzazi wake, anamalizia kwetu.

Reli_ya_Kati: Dhuluma halisi ni James Stewart kupewa Oscar kwa filamu hii, Henry Fonda wa The Grapes of Wrath akatoka mikono mitupu. Hilo mbona halina uzi?

MamaTano: Fonda alionewa mchana kweupe.

Mzaramo_Halisi: Na Chaplin wa The Great Dictator je? Mwaka uleule!

Reli_ya_Kati: Chaplin umkalishe na Fonda? Acha utani.

Kijana_wa_Bando: Hiyo ya Fonda ipo iliyotafsiriwa na madijei? Bando langu linaisha saa sita.