Eti "ngoma siyo mradi, kafugeni kuku"! Huyu bwana wa halmashauri yetu ana nini jamani?

Wakuu, naandika nikiwa stendi, mikono inatetemeka. Herufi zikiruka mtajaza wenyewe.

Yule bwana wa mikopo hapa kwetu mnamjua, simtaji. Muulize hata mtoto wa chekechea "mzee wa njoo wiki ijayo ni nani", atakuonyesha kwa kidole. Leo kachukua kalamu, kalamu ya bluu iliyotafunwa kitako, kaligonga chapuo langu, ngoma yangu ndogo, ko ko ko, kasema: "Hii nayo mradi? Kafugeni kuku."

KUKU!

Kikundi chetu cha ngoma ya sindimba kimesajiliwa. Katiba ipo, akaunti ya benki ipo, muhtasari umesainiwa, barua ya mtendaji wa kata ina mhuri. Andiko la mradi nene kama tofali la kuchoma. Tunaomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Sheria haijasema hela hiyo ni ya banda la kuku. Tunacheza harusini, tunacheza hotelini, watu wanatulipa. Tunachokosa ni spika, njuga na ngozi, maana msondo wetu, ile ngoma ndefu, umepasuka, tunaupiga kwa kuuonea huruma. Kafunua ukurasa wa kwanza, wa pili hakufika. Ko ko ko. Na chapati mdomoni! Kipande kikadondokea kwenye ngozi niliyoiotesha moto tangu alfajiri.

Hamjasikia bado. Tumebeba vitu vyetu tunatoka, anatuita mlangoni: "Halafu vijana, Mwenge ukija mje mapema na ngoma zote. Usafiri mjitegemee, maji ya kunywa yatakuwepo." Yaani kwenye hela sisi si mradi, kwenye Mwenge sisi ni utamaduni wa Mtanzania! Si awaite hao kuku wamchezee sindimba?

Ile kalamu naiona mpaka sasa. Baba yangu mzazi hajawahi kuligonga hilo chapuo bila kuniomba.

Mzee_wa_Kolea: Pole mkuu, ila nimecheka mpaka mama watoto kauliza kulikoni. Alipogonga, lilitoa sauti nzuri?

Binti Ruvuma: Ko ko ko si ndiyo sauti ya kuku yenyewe? Alikuwa anakupa mafunzo ya ujasiriamali hujaelewa tu.

Mleta mada: Chekeni. Ingekuwa ngoma yenu mngelia palepale. Kalamu IMETAFUNWA, wakuu!

Jukwaa la Mzunguko: Mmekosea fani. Mwaka 2023 goli moja la Simba au Yanga kimataifa Rais Mama Samia alilinunua milioni 5. Lipige teke hilo chapuo liingie wavuni, hela utaiona.

Mwananchi_wa_Jangwani: Weka rekodi sawa, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka huo tulicheza sisi Yanga.

Lunyasi Damu: Kombe mlirudi nalo?

Mpemba Halisi: Nyie mnalilia chapuo. Sie Zanzibar Beit al-Ajaib, jumba letu la kale, imeporomoka Disemba 2020 ikiwa imo matengenezoni, ikaondoka na roho za watu, na hizo pesa za matengenezo zenyewe za Oman. Tamasha la muziki la Sauti za Busara 2016 halikufanyika, pesa hapana. Wewe umegongewa kalamu tu, mshukuru Mungu.

Mleta mada: Siyo kalamu tu, ndugu yangu. Na chapati.

Kada Mtiifu: Tusiukashifu Mwenge. Na hiyo mikopo mjue 2023 ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na wasiorejesha. Ndio hawa hawa kina mleta mada.

Mleta mada: Hewa? Hewa inagongwa ikalia ko ko ko?

Mama Vifaranga: Jamani msinirushie mawe, lakini kuku wanalipa. Mimi nilianza na vifaranga wachache uani, sasa hivi ada ya mtoto siombi mtu.

Mzee_wa_Kolea: Shikamoo mama. Chotara au kienyeji halisi?

Mama Vifaranga: Marahaba mwanangu. Chotara. Ila kideri usikifanyie mchezo, chanja kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni. Ukizembea utaamka banda limelala lote, uje ufungue uzi wako na wewe.

Jukwaa la Mzunguko: Pumba bei gani siku hizi? Mimi imenishinda, nimebaki na jogoo mmoja mkorofi.

Mleta mada: Wakuu tumetoka kwenye mada. Yule bwana kachukua kalamu,

Binti Ruvuma: Subiri kidogo mkuu. Mama, trei la mayai huko kwenu mnauzaje?