Nimeuziwa jozi ya spika za fulrenji ambazo si jozi: nimepima, nimebandua stika, njooni mjionee

Wakuu salaam.

Nina hasira na sitazunguka. Wiki tatu zilizopita nilitoa shilingi 190,000 Kariakoo kwa jozi ya spika za fulrenji, inchi tano, mpya, ndani ya katoni zake. Nyuma ya sumaku kuna stika ya rangi ya fedha: omu 8, wati 40, 60 Hz mpaka 20 kHz. Kikaratasi cha ndani kinasema Fs, yaani masafa ambayo koni hutikisika kirahisi kuliko yote, ni 62 Hz. Namba ninazoweza kuzipima nyumbani nimezipima, na sasa najua nimepigwa. Duka silitaji jina, mods msiniunganishie uzi.

Kwa asiyezijua, fulrenji ni spika moja yenye koni moja inayobeba kila kitu, besi mpaka matoazi. Haina twita (kispika cha sauti za juu), haina krosova (saketi ya kugawa sauti kati ya spika). Besi yake si ya kutikisa madirisha, anayetaka hiyo anunue sabufa. Uzuri wake ni sauti ya mtu na nyuzi za gitaa. Rafiki yangu Tanga ana jozi ya inchi nne kwenye viboksi vya kawaida tu, na siku aliyonipigia zilipendwa nilimsikia mpiga solo akiburuza kidole kwenye waya kabla hajagonga noti. Nilirudi Dar sina wazo lingine kichwani. Marehemu mzee aliniachia kaseti na santuri za dansi, nimetumia mwaka mzima kuzihamishia kwenye kompyuta moja moja, nikataka nizisikie hivyo.

Kwa hiyo sikulipua kazi. Fundi seremala wangu hapa Mbagala alikata MDF (mbao ya unga uliogandishwa) ya milimita 18, boksi la lita 12 kwa kila spika, uso wa mbele upana wa sentimita 20, gundi kila kiungo, silikoni ndani, pamba nyuma, bomba la hewa kwa urefu tulioupiga hesabu kutokana na kile kikaratasi. Amplifaya ni ile ile ninayoitumia siku zote na haijawahi kunisumbua.

Nikawasha. Wakuu, niliishiwa nguvu. Mwimbaji hana mahali, yuko ukutani, yuko kwenye dari, hajulikani alipo. Gitaa la besi halipo kabisa, unaona mkono wa mpigaji kwa kumbukumbu tu. Ngoma ya mguu inagonga kama mtu anapiga katoni tupu kwa kidole. Sauti ya katikati inakufokea sikioni mpaka unapunguza. Mke wangu alitoka jikoni akauliza, "Hizo ndizo zile za laki mbili?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikapiga simu dukani. Kijana wa pale akaniambia, "Kaka, mpya zote ziko hivyo, zipige kwanza saa mia zikae sawa." Nikapiga tena baada ya siku mbili, amplifaya yako ndogo. Siku nyingine, boksi umekosea. Mara waya. Mwisho akaniambia masikio yangu yameshazoea sabufa. Kila jibu linarudisha kosa kwangu, na mimi kwa ujinga wa kumheshimu muuzaji nikafuata moja baada ya lingine.

Amplifaya na waya nilivimaliza kwa dakika kumi. Nilitoa spika mbili kuukuu kwenye redio ya mzee, nikazipachika kwenye maboksi yale yale kwa kibao cha kuzibia tundu, waya zile zile, sauti ile ile. Besi ikawepo. Si nyingi, lakini unaisikia inatembea. Spika zilizotoka kwenye redio ya miaka mingi kuliko umri wangu zinazishinda mpya za laki na tisini.

Boksi nalo nililikagua. Niliziba bomba kwa kitambaa, nikapiga toni ya 50 Hz, nikawasha kijiti cha udi na kukipitisha taratibu kwenye kila kiungo na kuizunguka spika. Panapovuja moshi hurukaruka. Haukuruka popote. Nikajua pia kwamba boksi jembamba huiba besi: kwa upana wa sentimita 20, kuanzia karibu 575 Hz kushuka, sauti huanza kulizunguka boksi na kukimbilia nyuma, na chini kabisa unaweza kupoteza hadi desibeli 6. Watu wengi wanaolalamikia fulrenji wanalalamikia jambo hili bila kulijua. Dawa yake ni koili na rezista vikiwa sambamba, vikiunganishwa kwenye njia ya waya chanya. Nilifunga koili ya milihenri 1 na rezista ya omu 4.7. Ule ukali wa katikati ulipungua, nakiri. Besi haikuja, kwa sababu koili haileti besi ambayo spika haina. Inapunguza ya juu tu.

Yakabaki yale masaa mia. Hapa ndipo mambo yalipofunguka.

Nina majirani na nina mtoto mdogo, siwezi kuacha muziki ukipiga usiku kucha. Wanaozijua hizi kazi wana njia: unazilaza spika uso kwa uso, karibu zigusane, unageuza waya za moja. Koni moja ikisukuma nyingine inavuta, sauti zinauana, unafunika blanketi na unalala. Nikazitoa kwenye maboksi, nikafanya hivyo stoo, saa nne usiku. Nikawasha. Badala ya kufa, sauti ikapanda! Tena na besi ambayo sikuwahi kuisikia tangu nizinunue. Nikadhani nimechanganya waya. Nikarudisha ya pili kawaida, nyekundu kwa nyekundu, na hapo ndipo sauti ikanywea kama umeitia ndani ya godoro.

Nilikaa pale chini sakafuni nikaitazama ile kitu kwa muda. Halafu nikaenda kutoa betri kwenye saa ya ukutani.

Betri ya volti 1.5, kipande cha waya, basi. Chanya ya betri kwenye ncha yenye alama nyekundu, hasi kwenye nyingine, unagusa kidogo tu. Koni inatakiwa itoke nje. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikaingia ndani. Nikarudia mara sita nikiwa nimemulika kwa simu, ikaingia mara zote sita. Alama nyekundu imewekwa kwenye ncha isiyo yake. Wiki nzima spika zangu zilikuwa zinapigana, moja ikisukuma hewa nyingine inaivuta, na besi ndiyo inayokufa kwanza katika ugomvi huo. Ndiyo maana mwimbaji hakuwa na mahali.

Kama una spika mpya na sauti haieleweki, anza na betri kabla hujamsikiliza mtu yeyote. Ningeanza nayo ningeokoa usingizi wa siku saba.

Nikageuza waya, nikarudisha kwenye maboksi. Mwimbaji akaja katikati, hilo nashukuru. Lakini hakukaa katikati sawasawa, alikuwa ameegemea kulia, kama aliyesogea upande wa dirisha. Nikabadilisha waya za kushoto na kulia kwenye amplifaya, bado kulia. Kwa hiyo si amplifaya wala si rekodi, ni spika. Nikachukua mita ya umeme, ile ya kupimia omu na volti. Spika ya omu 8 ukiipima kwa mita inakupa kama 5.5 mpaka 7, kwa kuwa mita inasoma waya wa koili peke yake. Ya kushoto: 6.4. Ya kulia: 3.5.

3.5 ni spika ya omu 4! Kwa volti zile zile inavuta umeme karibu mara mbili ya mwenzake, lazima ipige kwa nguvu zaidi. Na ningekuwa na amplifaya isiyostahimili omu 4, leo ningekuwa nalilia amplifaya.

Nikaigeuza ile ya kulia, nikaiweka chini ya taa. Stika ya fedha, "8", safi kabisa. Nikapitisha ukucha kwenye kona. Ikanyanyuka. Chini yake kuna stika nyingine, nyeupe iliyochakaa, yenye alama ya mtengenezaji tofauti kabisa na aliyeandikwa kwenye katoni, na namba iliyofifia lakini inasomeka: 4. Gundi ya stika ya juu ilikuwa bado inanata kwenye kidole. Mtu alikaa mahali akaibandika hiyo kwa mkono wake, akijua anachokifunika.

Ya kushoto nayo nikaikuna. Chini hakuna stika, kuna doa la gundi kuukuu tu.

Sasa sikuweza kulala. Nikapima Fs, yale masafa niliyoyataja mwanzo. Chini ya hapo spika inakuwa inachoka. Si kazi ngumu, fanyeni: spika ikiwa hewani bila boksi, rezista ya omu 100 kati yake na amplifaya, mita kwenye ncha za spika ikisoma volti za AC, programu ya toni kwenye simu. Unaanza 40 Hz unapanda polepole. Volti zinapanda, zinafika kileleni, zinaanza kushuka. Pale kileleni ndipo Fs. Kikaratasi kinasema 62. Ya kushoto ilifika kileleni 118. Ya kulia 131.

Tafakarini hiyo. Gitaa la besi, waya mnene ukipigwa wazi ni 41 Hz, na waya mwembamba kuliko yote ni 98. Nyaya zote nne zikipigwa wazi ziko chini ya Fs ya spika zangu. Boksi la lita 12 na bomba lake tulilipigia hesabu kwa 62, kwa hiyo bomba linapumua mahali ambapo koni haina kazi. Hata ningejengea mninga badala ya MDF, hesabu ingetoka pale pale. Na msiniambie habari za kuzoea. Mpira wa pembeni na spaida (kitambaa kinachoshikilia koni kwa ndani) vikilegea Fs hushuka kidogo. Haishuki nusu.

Nilirudi Kariakoo Jumamosi na spika zote mbili, mita, na betri ya saa. Nikamwonyesha yule kijana kwenye kaunta, koni moja inatoka, nyingine inaingia. Akanyamaza, akamwita bosi wake. Bosi akatazama stika niliyoibandua, hakuigusa. Akasema, "Mzee, risiti si umesoma? Mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu wewe umeshabandua stika, nitaipokeaje?" Yaani ushahidi wa wizi ndio umekuwa sababu ya kunikatalia! Nikamuuliza je, nisingebandua ningejuaje. Akageukia mteja mwingine.

Kinachonikera kuliko hela ni kwamba hakuna siri katika namba hizi. Mhandisi Neville Thiele alishaandika huko Australia mwaka 1961 jinsi ya kujua boksi la spika kutokana na tabia za spika yenyewe, na Richard Small akaikamilisha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fs, Qts (jinsi mtikisiko wa koni unavyozuiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa mshikizo wa koni), ukiwa nazo unajua boksi kabla hujakata mbao. Mtengenezaji makini anazitoa. Hapa kwetu unauziwa kwa wati na ukubwa wa sumaku, na ukibahatika kupata kikaratasi kinakuwa kimenakiliwa kwenye spika ya mtu mwingine. Seremala wangu alikata mbao kwa kuuamini uongo ule. Kazi yake ni nzuri, na yeye ndiye aliyekuwa akinipigia simu kuniomba msamaha, akidhani amekosea yeye.

Dai langu ni hela yangu 190,000. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Risiti ya EFD ninayo, katoni ninazo, ile stika ya fedha nimeibandika kwenye karatasi nyeupe isipotee, na majibu ya mita nimeyapiga picha yakiwa na spika husika.

Ninachoomba kwenu ni kitu kimoja. Kama umenunua fulrenji za inchi tano zenye stika ya fedha miezi hii, chukua mita na betri leo. Andika hapa: omu za kushoto, omu za kulia, koni inatoka au inaingia, na kuna nini chini ya kona ya stika. Usiibandue yote kama mimi, inua kona tu upige picha. Jumatatu asubuhi nakwenda FCC, na nataka niende na namba za watu wengine pia, siyo zangu peke yangu.