Kujifunza kufuma na kusokota sufu: klasi ya dukani, Nanyuki, kina mama wa mtaa ama YouTube?

wambo_nyuzi (Nairobi)
Habari zenu wadau. Nataka kujifunza kufuma kwa sindano mbili, si krosheti, hiyo ya vitambaa vya sofa mama alinifunza nikiwa shule, na pia nataka kujua kusokota sufu kwa mkono manake uzi uliosokotwa na mtu una uhai fulani ambao ile akriliki ya kawaida haina. Sasa nimepata njia kadhaa na kila moja inanivuta. Kuna duka la nyuzi hapa Nairobi lina klasi kila Jumamosi asubuhi, wiki nne mnafuma halafu wiki mbili za mwisho mnasokota, gurudumu lao la kusokotea ni moja mnapokezana, uzi na sindano unanunua hapo hapo. Rafiki yangu naye ananiambia niachane na duka nipande matatu niende Nanyuki kwa wale kina mama wa Spinners and Weavers, nikae siku mbili tatu nione kazi tangu manyoya yakioshwa mpaka yanakuwa uzi. Halafu jirani yuko kwa kikundi cha kina mama wanaofuma nguo za watoto wachanga, hawaitishi pesa, ila kusokota hawajui. Na YouTube iko. Aliyepitia hizi njia anieleze tofauti, si bei tu, nataka kujua mkono unajifunzia wapi vizuri.

mama_baraka_nkr
Karibu sana dada. Mimi ningekwambia tenganisha hizo kazi mbili kwanza manake hazifundishiki kwa njia moja. Kufuma kunakungoja. Vitanzi vimekaa kwa sindano, ukichanganyikiwa unaweka chini, unahesabu, unafumua mstari mmoja unarudia, hata simu ikilia hakuna kitu kinaharibika. Kwa hivyo kufuma unaweza kujifunza kwa jirani yako ukiwa na chai mkononi na hutalipa hata shilingi. Kusokota hakungoji mtu. Kijiti cha kusokotea kinazunguka, mkono mmoja unavuta manyoya, mwingine unazuia msokoto usipande, ukichelewa kidogo msokoto unaingia kwenye manyoya ambayo hayajavutwa, panakuwa na donge, juu ya donge panakuwa pembamba panakatika na kijiti kinaanguka chini. Hapo unahitaji mtu amekaa karibu anayeangalia vidole vyako akwambie shika mbali zaidi, legeza, sasa achia. Video haikuoni wewe. Kwa hivyo pesa zako weka kwa kusokota, kufuma nenda kwa kina mama.

fundi_sweta_molo
Mama Baraka nakuheshimu lakini hapo kwa kufuma siko na wewe. Mimi nafuma sweta za shule kwa mashine na watu wengi wananiletea kazi za mkono nizimalizie, na yule aliyejifunza peke yake namjua nikiangalia tu. Anaingiza sindano nyuma ya kitanzi badala ya mbele, kitanzi kinajipinda, na kwa sababu kila mstari umepindwa vile vile yeye haoni shida yoyote, mpaka nguo inakuwa ngumu haivutiki na shingo ya mtoto haipiti. Mwalimu mzuri analiona hilo ndani ya dakika tano. Pia jinsi unavyopitisha uzi kwa vidole, wengine wanauzungusha kidole kidogo, wengine wanauweka mkono wa kushoto kama wa krosheti, na wewe Wambo kwa vile tayari unajua krosheti huo wa kushoto utakuja haraka sana, mwambie mwalimu mapema asikubadilishe bure. Halafu kuna jambo la kipimo, unafuma kipande kidogo kwanza unahesabu vitanzi vingapi viko kwa sentimita 10 kabla hujaanza sweta, kina mama wa mtaa wengi wanapima kwa macho, na kwa nguo ya mtoto mchanga macho yanatosha lakini kwa sweta ya mtu mzima hayatoshi kabisa.

Ila nikuulize, unataka ya biashara ama ya moyo? Kama ni biashara ya sweta, sindano mbili hazitakulipa, njoo kwa mashine.

wambo_nyuzi
Ya moyo @fundi_sweta_molo. Dada yangu anatarajia mtoto na nataka blanketi ambayo uzi wake umepita kwa mikono yangu tangu mwanzo. Asante kwa hilo la mkono wa kushoto, sikuwa nalijua.

njoro_kondoo
Mimi nafuga kondoo huku Njoro kwa hivyo nitaongelea kitu ambacho watu wa klasi husahau, nacho ni manyoya yenyewe. Kabla hujalipa uliza hilo duka mnasokota nini. Maduka mengi yanapenda kuwapa wanafunzi sufu ya kondoo wa merino iliyochanwa tayari, inakuja ikiwa laini kama pamba ya hospitali na kila mtu anaipenda akiishika, lakini kwa anayeanza inateleza, nywele zake ni nyembamba sana na zinataka msokoto mwingi, ukiweka kidogo uzi unaachana tu. Anzia Corriedale. Hiyo ni mbegu ya kondoo iliyotokana na Merino na Lincoln, nywele zake ni nene kidogo na zinashikana, urefu kama sentimita 10 hivi, inamsamehe mwanafunzi. Ukipata ambayo haijaoshwa sana bado ina yale mafuta yake inakuwa rahisi zaidi, mikono itabaki laini wiki nzima.

Na siri ya umbali ni hii: mikono yako iachane zaidi ya urefu wa unyoya. Kama unyoya ni sentimita 10 na umeshika kwa sentimita 6, mikono yote miwili imekamata nywele zile zile, unavuta na hakuna kinachokuja, unaanza kufikiri manyoya ni mabaya. Hiyo tu ndiyo inakwamisha wengi.

Huku kwetu kuna Kenana Knitters, kina mama wanasokota kwao na kufuma wanyama wa kuchezea, rangi wanatoa kwa mimea. Hapo unaona kusokota na kufuma vikiwa kazi moja, kitu ambacho Nanyuki hutakipata vile manake kule sufu inaenda zaidi kwa mazulia na kufuma vitambaa kwa mtambo. Kama lengo ni blanketi ya mtoto fikiria hilo, uzi wa zulia ni mzito na mgumu, mtoto hawezi kulalia.

mdau_shy
Wakuu salaam kutoka Shinyanga. Samahani naingilia, huku kwetu kondoo wapo tele ila sijawahi kuona mtu anatoa uzi, na pamba ndo usiseme. Mtu akitaka kuanza na pamba inakuwaje?

njoro_kondoo
Mkuu kondoo wengi wa huko ni wa nywele, kama Red Maasai na wale weusi kichwa, hao hata ukiwanyoa hupati sufu ya kusokota. Dorper naye ni hivyo hivyo. Sufu inataka Corriedale, Merino, Romney, na hao wanapenda baridi ya nyanda za juu.

mama_baraka_nkr
Na pamba @mdau_shy inasokoteka sana ila si ya kuanzia. Unyoya wake ni kama sentimita 3 tu kwa hivyo mikono iko karibu karibu, na kijiti kizito kinachoning'inia kinaikata kabla haijashika msokoto. Pamba inataka kijiti chepesi ambacho ncha yake inakaa ndani ya bakuli, uzito usining'inie kwa uzi. Anza na sufu ukiipata, baadaye rudi kwa pamba yako.

kaka_kilwa
Mlipotaja pamba mmenigusa wakuu. Hapa Kilwa watu wa mambo ya kale walichimba wakakuta vigae vya vyungu vimechongwa duara na kutobolewa katikati, vile ndivyo vilikuwa uzito wa vijiti vya kusokotea, pamba ikisokotwa pwani hii karne nyingi kabla ya hizo mashine. Nasema hivi kwa sababu naona dada anaongelea gurudumu moja la kupokezana. Kwani gurudumu la nini mwanzoni? Kijiti na uzito wa duara vinatosha. Siku hizi watu wanachukua siidii mbili za zamani wanazibananisha, wanapitisha kijiti cha mbao katikati kikiwa kimebanwa na mpira, juu wanafunga ndoano ndogo, basi. Uzito ukiwa gramu 40 hadi 60 ni sawa kwa anayeanza. Gurudumu zuri kama la Ashford linatoka New Zealand, kampuni ya tangu 1934, ni zuri kweli lakini kipuri kikivunjika ukipate wapi na kwa bei gani.

mwende_k
Mimi ni wa Machakos na nimesoma hii yote nikashangaa hakuna aliyetaja paja! Kina mama wetu wa viondo wanasokota katani bila kijiti bila gurudumu. Mama anakaa chini miguu amenyoosha, analaza nyuzi mbili za katani juu ya paja zikiwa zimeachana kidogo, anazisukuma mbele kwa kiganja, kila moja inajisokota peke yake, halafu kabla hajainua kiganja anazikutanisha na kuzirudisha nyuma, zinasokotana pamoja kwa upande wa pili na hazifumuki tena. Anaongeza katani nyingine bila kuangalia huku anapiga stori. Ukikaa na mama kama huyo jioni moja utaelewa kwa nini uzi unashikana, mambo ambayo klasi itakuchorea kwa ubao. Kwa hivyo Mama Baraka mimi sikubali kwamba kusokota lazima kulipiwe.

mama_baraka_nkr
Mwende umenena vizuri na hapo kwa kuelewa nakubali, hasa hiyo ya kuunganisha nyuzi mbili upande wa pili, kanuni ni ile ile kwa sufu. Ila katani unyoya wake unafika mita nzima, hauvuti kitu, unaongeza tu. Sufu ni fupi, kazi kubwa iko kwa kule kuvuta, na kule kuvuta ndiko ninakosema kunataka mwalimu. Wambo akipata vyote viwili atafika mbali kuliko sisi.

wambo_nyuzi
Nimesoma kila kitu na nimeshukuru sana jamani. Nimeamua hivi: kufuma naanza na jirani wiki hii kwa uzi wa akriliki, halafu nitaongea na duka nione kama wataniruhusu kulipia zile wiki mbili za kusokota peke yake. Wakikataa naelekea Njoro, Nanyuki iwe ya kutembea tu siku nyingine. Je niwaulize nini hao wa duka kabla sijatoa pesa?

fundi_sweta_molo
Uliza mwalimu ana wanafunzi wangapi kwa hilo gurudumu moja. Wakiwa wanane na klasi ni masaa mawili, fanya hesabu, utakanyaga pedali dakika kumi na tano tu. Na kwa jirani nenda na uzi wa rangi nyeupe ama ya maziwa, sindano za milimita 4 za mwanzi, si za chuma. Uzi mweusi vitanzi havionekani na chuma kinateleza vitanzi vinachomoka. Anza na pleni, yaani kitanzi cha kawaida, mistari yote, palo, kile cha kinyume, ije baadaye.

mama_baraka_nkr
Uliza pia kama kila mtu anapewa kijiti cha kwenda nacho nyumbani. Hilo kwangu ndilo linaamua. Klasi ya wiki mara moja bila kijiti nyumbani, mkono unasahau kila kitu ifikapo Jumamosi. Ukikipata fanya hivi: zungusha kijiti mpaka msokoto ujae, halafu kibane katikati ya magoti kisiende popote, sasa vuta manyoya polepole kwa mikono yote miwili, achia msokoto upande kidogo, simama, vuta tena. Usikimbilie kukiacha kining'inie. Dakika kumi na tano kila jioni zinatosha.

njoro_kondoo
Na ukimaliza kusokota na kuunganisha nyuzi mbili, usifume siku hiyo hiyo. Zungusha uzi uwe duara kubwa, ufunge mahali pane usichanganyike, loweka kwa maji ya vuguvugu kama nusu saa, kamua kwa taulo bila kusugua wala kuubadilishia maji moto na baridi ghafla manake sufu itagandana, kisha utundike kivulini bila uzito. Ukikauka ukining'inia wazi bila kujipinda msokoto uko sawa. Ukijipinda kidogo si neno, blanketi itakubali. Nikikata manyoya mwezi ujao nikutumie kilo moja ya Corriedale kwa matatu, nauli tu utalipa.