Nimelipia hewa baridi, nimeuziwa mlio. Fundi kaniulia mashine ya mbio

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikiropoka.

Nina pikipiki, Honda CBR600F2 ya 1993, kabureta nne, naikimbiza kwenye mbio tu. F2 haikuja na mfumo wa kuvuta hewa ya mbele kutoka puani. Honda waliuweka kwenye F3 ya 1995, na Kawasaki walishawatangulia na ZX-11 ya 1990. Nikasema na mimi nichongewe wa kwangu. Karakana moja hapa Dar, jina nalihifadhi, wakaniambia hiyo kazi ndogo sana kaka. Laki sita na nusu. Nikatoa laki nne papo hapo, kama mjinga.

Siku ya kuichukua, kwa nje mrembo! Matundu mawili chini ya taa, rangi nyeusi inang'aa. Nikawasha, inanguruma kama simba. Fundi akapiga paja: "Unasikia hao farasi?" Nikacheka, nikamalizia hela yake.

Jioni nikainua tanki. Jamani. Mabomba yenyewe ni ule mpira wa kutolea maji wa mashine ya kufulia, wenye mikunjo-mikunjo, na yanaishia hewani. Hayaingii popote! Eaboksi, lile boksi la filta linalolisha kabureta hewa, kaing'oa nzima, kila kabureta kaivalisha kifilta cha koni, vinne vimejipanga nyuma ya rejeta, pale pale feni inapotemea joto. Yaani hewa safi inavutwa puani halafu inamwagwa chini ya tanki ipotee, injini inabaki kunywa joto la rejeta.

Sikutaka kubishana kwa mdomo. Nikachukua mita yangu yenye waya wa kupimia joto, nikaufunga kwa selotepu pembeni ya filta. Nje ni digrii 32. Nikiwa kwenye mwendo inasoma 54, nikisimama inapanda hadi 61. Hewa ya digrii 54 ni nyepesi kuliko ya 32 kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo kila pumzi ya injini imepunjwa kiasi hicho, na nguvu inaondoka nayo. Na huo upepo wa mbele anaojisifia nao? Kwa 100 km/h, hata ukiunasa wote bila kuvuja, unakuongezea shinikizo la nusu asilimia tu. Kwa 200 ni kama asilimia 1.8. Ukifika 300 ndiyo unagusa 4, na mimi na F2 yangu hiyo 300 tunaisikia redioni. Maana yake faida kubwa iko kwenye kuikwepa hewa ya moto, na hicho ndicho alichokiharibu kwanza.

Nikarudi. Akanuna, akasema mafuta ya sheli yamechakachuliwa. Nikamwekea mita mezani, ndipo akakubali kunitengenezea boksi la faibaglasi la kufunika kabureta zote. Boksi likaja zuri, limebana, silikoni pembeni, mabomba safari hii yanaingia ndani. Nikadhani yameisha.

Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Kabureta ina kikombe cha petroli chenye boya, na kikombe kina kimrija cha kupumulia. Ukishalifunga boksi na upepo ukalijaza, vile vimrija lazima vipumulie humo humo ndani ya boksi, ili shinikizo la juu ya petroli lilingane na la hewa inayoingia. Yeye kaviacha vinaning'inia nje! Kwa 200 km/h upepo unaweza kulisukuma boksi kwa nguvu ya karibu sentimita 19 za maji. Kwa kabureta hilo ni shinikizo kubwa mno, petroli inazuiwa kupanda wakati hewa inazidi kuingia. Mjini huoni kitu. Jeti nazo, vile vitundu vinavyopima petroli, hakugusa hata moja, nilipomuuliza akanijibu "zitazoea".

Zitazoea!

Kwenye sehemu iliyonyooka, nikiwa nimefungua gesi yote, ikaanza kukohoa kwenye kama 170 km/h, halafu ikakata. Nikafungua plagi. Ya silinda namba 3 nyeupe kama chaki, alama ya petroli kupungua na joto kuzidi, na juu ya kaure yake kuna vidoa vinavyometameta, vidogo kama punje za chumvi. Anayejua anajua, hiyo ni alumini ya pistoni. Nikafungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda: pistoni imelika ukingoni upande wa egzosti, kama panya kaing'ata.

Nimempelekea pistoni mkononi. Anasema mimi sijui kuendesha.

Hela nimeshaidai mara tatu, simu hapokei. Ila kinachoniuma kuliko hela ni eaboksi yangu ya awali. Nilimwachia mwenyewe siku ya kwanza, nzima, haina ufa. Juzi kijana wake kaniambia kwa sauti ya chini ilishauzwa muda mrefu, hata kabla sijaenda kuchukua pikipiki.

Mwenye eaboksi ya F2, ya 1991 hadi 1994, awe Dar, Arusha au hata Mombasa, anicheki PM na bei. Pistoni nahitaji moja, ila nikipata seti nachukua zote nne. Na eaboksi iwe na ule mpira wa chini unaokaa kwenye kabureta, tafadhali, wa kwangu aliukata na kisu.