Hivi muundo wa bunduki ya peintiboli unaongeza umbali na shabaha, au ni maneno tu?

Kozi_Mbali:
Wakuu habari zenu. Nacheza peintiboli, ule mchezo wa kufyatuliana mipira midogo ya rangi, mwaka wa pili sasa, bunduki yangu ni ile ya kawaida ya kuanzia, mtungi wa kabondayoksaidi na mtutu mfupi wa inchi 8 uliokuja nayo. Shida ni kwamba mtu akikaa mita 35 hivi nampata labda mara moja kati ya kumi, mingine inapita juu, mingine inaanguka miguuni kwake, kushoto kulia yaani haieleweki. Mwenzangu ana ya elektroniki yenye mtutu wa inchi 16 na anaapa ya kwake inafika mbali kuliko zote uwanjani. Sasa nauliza, mtutu mrefu, bolti (kile kipande kinachosukuma mpira kwenye mtutu) ya kufunga kabla ya kufyatua, mtutu wenye mistari ya ndani, hivi vitu kweli vinaongeza umbali na shabaha? Nisaidieni kabla sijatoa hela yangu.

fundi_mtutu:
Mkuu karibu. Tuanze na umbali maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa hela. Mpira wa rangi ni tufe la kipenyo cha inchi 0.68, uzito gramu 3 hivi, na viwanja vingi haviruhusu uzidi futi 300 kwa sekunde, vingine wanakushusha mpaka 280. Ukishatoka mdomoni mwa mtutu haujui umetoka kwenye bunduki gani, unachojua ni kasi uliyonao, pembe uliyourusha na hewa inayoukaba. Na hewa inaukaba sana, nilishawahi kupiga hesabu, ukiondoka na futi 300 ukifika mita 30 umeshapoteza karibu nusu ya kasi. Kwa hiyo bunduki ya bei mbaya na ya kwako zikipimwa kasi ileile na mpira uleule, zinafika palepale. Kama ya mwenzako inafika mbali zaidi basi ama anainua mtutu kidogo bila kujua au kasi yake iko juu, na hilo la pili aliangalie haraka maana ni hatari kwa watu.

Mtutu mrefu: mpira unamaliza kuchukua kasi mapema tu, zile inchi za mbele kazi yake kubwa ni matundu ya kutolea gesi taratibu ili mlio upungue. Ukizidisha sana ndo unaanza kula gesi bure kwa ajili ya msuguano. Inchi 12 mpaka 14 zinatosha kabisa.

Mistari ya ndani: inasaidia risasi ndefu yenye ncha isipinduke hewani. Tufe halina mbele wala nyuma, sasa unalizuia lisipinduke wapi? Bolti ya kufunga nayo ni hadithi ya siku nyingi, ukiifunga bunduki kwenye stendi, tofauti huioni.

Mzee wa Hopa:
fundi nakuheshimu ila hapa siendi na wewe moja kwa moja. Nilikuwa na ya kawaida kama ya Kozi miaka minne, nikahamia ya elektroniki yenye hewa ya kushindilia, na siku hiyohiyo nilianza kupata watu niliokuwa nawakosa. Mipira ileile, macho yaleyale. Sasa usiniambie muundo haufanyi kitu.

fundi_mtutu:
Mzee wangu hapo hatupingani, mimi nilikuwa nasema umbali. Kwenye shabaha muundo unaingia, ila mlango wake ni kasi isiyoyumba. Kabondayoksaidi iko kama maji ndani ya mtungi na inategemea joto, ukifyatua harakaharaka mtungi unapoa, presha inashuka, mpira wa kwanza unatoka 285 wa nane unatoka 250. Kwa mita 30 tofauti hiyo inashusha mpira zaidi ya shubiri moja, huyo mtu ulimlenga kifuani. Hewa ya kushindilia ikipita kwenye regyuleta nzuri, yaani kifaa cha kusawazisha presha, inatoka karibu sawa kila mara. Pia triga nyepesi haikuvuti mkono pembeni na bolti laini haikurushi bega. Hicho ndo ulichokinunua, na ni kitu cha kweli.

Bi_Shabaha:
Naomba niongeze mawili. Kwanza upo muundo mmoja unaoongeza umbali kweli, ule unaouzungusha mpira kinyumenyume. Kampuni ya Tippmann walitoa mtutu wa Flatline ambao umepinda kidogo, mpira unasugua upande wa juu unatoka unazunguka na hewa inaubeba, unakwenda umenyooka zaidi kabla ya kuanguka. Nimeutumia misimu miwili. Ila lazima uishike bunduki wima, ukiilaza kidogo tu mpira unakata kona, upepo unausumbua, na huko mbali unafika umechoka unamgonga mtu unadunda bila kupasuka na hapo hujamtoa. Zipo pia risasi za First Strike zenye mapezi nyuma, hizo zinazunguka na kunyooka kweli, mbali na kwa shabaha, lakini ni ghali kuliko mipira na si kila bunduki inazikubali. Hapo kilichobadilika ni risasi yenyewe zaidi ya bunduki.

La pili, mdogo wangu Kozi, mipira yako unaitunzaje? Ganda lake ni jelatini, likipata unyevu linavimba, likikaa upande mmoja wiki nzima linabonyea, na mpira usio duara hata bunduki ya bingwa haiunyooshi. Chukua mmoja uweke kwenye mtutu mtupu uliouvua. Ukidondoka wenyewe mtutu ni mpana, ukikwama ni mwembamba, ukikaa halafu ukatoka kwa kuupuliza kwa mdomo hapo umepatia.

Mzee wa Hopa:
Bi Shabaha umenena. Na kijana, usisahau miguu. Mechi ya kwanza kabisa, Juni 27, 1981 kule Henniker, New Hampshire, walikuwa watu 12 na bunduki za Nelspot 007 za kuwekea alama miti na ng'ombe, na aliyeshinda, Ritchie White, alikusanya bendera zote bila kufyatua hata mara moja. Mita 35 sogea ziwe 20.

Kozi_Mbali:
Wakuu nimerudi. Jana nimeazima kronografu, kile kipima kasi ya mpira, nikapiga kumi mfululizo, ya kwanza 282, ya mwisho 241, nimeshtuka kwa kweli. Na ile ya kupuliza, mipira sita kati ya kumi imedondoka yenyewe, ni ya mfuko ulioachwa kwenye gari mwezi mzima. Mtutu wa inchi 16 nimeachana nao. Nanunua mtungi wa hewa ya kushindilia na mfuko mpya wa mipira, halafu mtutu wa inchi 12 unaoendana nayo kama hela itabaki. fundi, regyuleta ya kwenye mtungi peke yake inatosha au niweke na nyingine kwenye bunduki?

fundi_mtutu:
Anza na ya mtungi, piga kumi tena kwenye krono. Tofauti ikiwa chini ya futi 10 usiongeze kitu. Na uipime kasi upya kabla hujaingia uwanjani maana ukibadilisha gesi inaweza kupanda, barakoa usoni hata unapopima.